Mwalimu wa Kiti cha Kushoto

Binti yake Mwalimu alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni, nimepiga magoti nikipima sketi ya mtoto wa shule. "Anti," akasema, "wewe ndiye atakusikia. Mwambie Mama aache kuendesha gari kabla hajaua mtu."

Nilitema pini, nikamwambia yule mtoto akae kwanza. Atanisikia mimi? Haki ya nani! Mwalimu hajawahi kumsikiliza mtu maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kusikilizwa. Mwanamke huyo aliufundisha mji wa Nakuru kuendesha magari, amekaa kiti cha kushoto mpaka kiti chenyewe kikachukua umbo lake. Ukikutana na mtu mzima anayetazama vioo vyote kabla hata ya kukohoa, jua huyo alipita kwake. Chifu alipita kwake. Padri alipita kwake, na dereva wa lori la maziwa, na askari mmoja wa trafiki ambaye hadi leo akimwona anavua kofia. Sasa nani kati ya hao angemwambia Mwalimu kwamba haendeshi vizuri?

Alipostaafu alihamia shambani kwake Dundori, kwenye viazi na ng'ombe wake, na lile gari la kufundishia akaenda nalo. Huko juu mambo yalikuwa yameanza. Alipita juu ya kabeji za jirani, na jirani ndiye aliyesema pole. Aligonga lile jukwaa la mbao ambapo watu huweka mitungi ya maziwa asubuhi wakingoja lori, likalala chini. Watu wakaliinua, wakapigilia misumari, hakuna aliyefungua mdomo. Yeye mwenyewe alisema wamelisogeza karibu na barabara.

"Ni macho, Anti," binti yake akaendelea. Yeye anafanya kazi Nairobi, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri. "Sukari imeingia kwa macho. Daktari alimwambia, akamjibu ati hiyo barabara anaijua."

"Na bado anabeba watu?"

"Kila wiki! Akina mama wa kliniki, wazee, mtu yeyote mgonjwa. Nikimwambia mimi anakata simu."

Nikamwambia nitapanda huko mwenyewe. Kisha nikarudi kwenye sketi yangu, nikaikata vibaya, mimi ambaye huwa sikati vibaya.

Karakana yangu ya yunifomu ilitazamana na uwanja wake wa kufundishia kwa miaka mingi, upande ule wa nyumba za reli. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Asubuhi mashine yangu ikiwa bado baridi, nilisikia kutoka ng'ambo ya barabara: "Soma!" Na mtu mzima, pengine mwanamume mwenye kitambi chake na heshima zake, akajibu kwa woga, "Betri imewaka. Oili imewaka. Breki imewaka." Halafu injini ikanguruma. "Soma!" "Betri imezima. Oili imezima. Breki... breki bado, Mwalimu." "Bado kwa nini?" "Breki ya mkono iko juu." "Si uishushe! Haya, soma." "Imezima." "Twende."

Kila somo lilianza hivyo, na hakuna aliyesamehewa. Ufunguo unazungushwa nusu, taa za dashibodi zinawaka zote pamoja, na mwanafunzi anazisoma kwa sauti, moja moja. Injini ikishika, anasoma zilizozima. Aliyeona haya kusema kwa sauti alirudishwa nyumbani akazoee mbele ya watoto wake. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na futi yangu shingoni, nikiwacheka wazee wa watu.

Nikacheka mpaka zamu yangu ikafika. Nilipofiwa na mume wangu, pikapu yake ilibaki imeegeshwa nyuma ya karakana, na mizigo ya yunifomu za Njoro na Bahati ikawa inanilalia hapo kwa kukosa wa kuipeleka. Watu walikuja na maneno mazuri. Mwalimu hakuja na neno lolote la pole. Alivuka barabara asubuhi moja, akaitazama ile pikapu, akanitazama mimi, akasema, "Mama Yunifomu, hii kitu itaota majani. Kesho asubuhi, na uvae viatu vya chini."

Nilikuwa na miaka yangu na magoti yangu yanauma. Nilimwambia mimi ni mzee wa kujifunza. Akasema hajaniuliza umri.

Gari lake la kufundishia lilikuwa na kanyagio la pili la breki upande wa kushoto, chini ya miguu yake, limeunganishwa na la mwanafunzi. Yeye akikanyaga lake, lako linashuka lenyewe chini ya mguu wako, ukalisikia linaondoka. Wanaume walilichukia. Walishuka wakilalamika kwamba Mwalimu anawaonea, kwamba wao walikuwa wameshamwona huyo ng'ombe barabarani.

Siku moja tukiwa kwenye uwanja wa mazoezi, redio ya kibanda cha karibu ikapiga wimbo ambao mume wangu alizoea kuuimba akinyoa ndevu. Machozi yakanijia nikiwa kwenye usukani, gari linatembea, na sioni kitu. Sikujua nifanye nini. Nikasikia kanyagio likishuka chini ya mguu wangu, polepole kabisa, gari likasimama bila hata kutikisika. Mwalimu alitoa ufunguo, akatazama nje dirishani kwa upande wake. "Lia kwanza," akasema. "Gari halina haraka." Nililia nikamaliza. Kisha akanirudishia ufunguo na kuniambia, "Soma."

Nampenda kwa siku hiyo peke yake. Hayo mengine ni nyongeza.

Lakini msidhani alikuwa mpole, woi! Alimwambia padri kwamba anabadilisha gia kwa kuombea ajali. Mkurugenzi mmoja wa mambo gani sijui, Mwalimu alimshusha katikati ya barabara ya kwenda Njoro kwa sababu alipokea simu akiendesha, akamwachia apande bodaboda na suti yake. Na jambo ambalo lilimtoa moshi zaidi ya yote lilikuwa ile tabia ya watu wa milimani, ya kuteremka na gia ya bure ili kubana petroli. Pale unapotoka Dundori kuja Lanet mteremko ni mrefu, na madereva wengi wakifika juu wanatoa gia na kuacha gari lijiendee. "Sasa umeiachia breki kazi yote peke yake," alikuwa akisema, "na breki yenyewe hujaiuliza kama imekula." Alisema hivyo hivyo, kama imekula. Kwake breki ilikuwa mfanyakazi wa nyumba, lazima uulize hali yake.

Na hapo ndipo tulipogombana mara ya kwanza, juu ya taa nyekundu.

Nilishapata leseni wakati huo. Natoka Njoro na pikapu imejaa sweta, nikaona taa ya breki imewaka, ile ya duara yenye alama ya mshangao katikati. Breki ya mkono ilikuwa chini. Nikaingia kituo cha petroli. Kijana wa pampu akafungua boneti, akachungulia kile kichupa cha plastiki, akasema, "Mathe, hii ni mafuta ya breki imeshuka tu. Naongeza kidogo." Akaongeza, taa ikazima. Nilifika mjini nikiimba. Nikavuka barabara kumwambia Mwalimu jinsi nilivyojisaidia, mimi mwanamke peke yangu, njiani.

Aliweka kikombe chini. "Yameenda wapi?"

"Nini?"

"Mafuta yaliyokuwa ndani. Yameenda wapi?"

"Si yameisha, Mwalimu."

"Hiyo si chai. Hayo mafuta yamefungiwa ndani, hayachomeki na hayanywewi na mtu. Ukiona yameshuka, jua yameenda mahali. Wewe hukuuliza ni wapi. Umeongeza juu yake, ukaja hapa unaimba."

Nilikasirika, lazima niseme. Nilimwambia taa imezima, sasa anataka nini. Alitandika gunia chini, akiwa amevaa sketi yake ya kanisani, akaingia nusu mwili chini ya pikapu yangu barabarani watu wakipita. Alipitisha kiganja nyuma ya kila gurudumu akitafuta unyevu. "Kukavu," akasema kutoka huko chini. "Hakuvuji. Basi ni pedi."

Alipotoka akanieleza, akitumia viganja vyake vyote viwili kama gurudumu limebanwa katikati. Pedi ni vile vipande vinavyobana. Kila ukikanyaga vinalika kidogo. Vikiwa vyembamba, inabidi visukumwe mbali zaidi ndiyo vifike kubana, na mafuta yanashuka kutoka kwenye kichupa kwenda kujaza ile nafasi. Kwa hiyo kichupa kikipungua na hakuna mahali panapovuja, taa haikuambii uongeze mafuta. Inakuambia pedi zinakwisha. "Sasa wewe ukiongeza, umeinyamazisha," akasema. "Pedi zitaendelea kuisha, na hakuna wa kukuambia tena, mpaka siku utakanyaga usikie chuma."

Fundi alipofungua magurudumu, pedi zangu zilikuwa zimebaki kama biskuti ya mtoto. Na alipoweka mpya, Mwalimu aliniita haraka nije nitazame kichupa. Mafuta yalikuwa yanapanda yenyewe, kwa sababu pedi nene zilikuwa zimeyasukuma yarudi. Tena ikabidi yapunguzwe yale niliyoongeza, yalitaka kumwagika. Mwalimu alifurahi sana, akanipiga begani. "Umeona? Yalikuwa hapa hapa. Hayakuwa yamepotea."

Tangu siku hiyo hilo swali lake likawa la mtaa mzima. Sukari ikiisha kwenye mkebe, tunaulizana yameenda wapi. Mume wa mtu akikosekana, hivyo hivyo. Yeye alitucheka, lakini kwa magari hakuwa na mchezo. Palikuwa na mzee mmoja wa kanisa aliyechoshwa na ule wekundu mbele ya macho yake, akachukua stika ya maneno matakatifu kwamba gari hili linalindwa na damu, akaibandika pale pale juu ya taa. Mwalimu aliingia kwenye gari hilo kupewa lifti ya kwenda ibadani, akaiona, akaibandua kwa ukucha mbele ya mwenyewe. "Bandika kwa mlango," akamwambia. "Huyu naye ana ujumbe." Taa ilikuwa inawaka kwa sababu mrija wa gurudumu la nyuma ulikuwa unavuja. Mzee alitengeneza gari, na tangu hapo akawa anamwombea Mwalimu kwa jina kila Jumapili.

Watu waliokuwa wakinunua magari ya mkono wa pili walimchukua aende nao. Yeye hakutazama rangi wala redio. Alikaa, akazungusha ufunguo nusu, akasoma. Kama taa ya breki haikuwaka kabisa pale mwanzo, alitoka garini bila kuaga muuzaji. Niliwahi kwenda naye nikashangaa, nikamwambia si ndiyo vizuri, haina shida. Akasema, "Lazima iwake kwanza, ndiyo ujue ina uhai. Hii wametoa balbu. Mimi siogopi taa inayowaka, Mama Yunifomu. Naogopa hii iliyonyamaza." Muuzaji alitukana nyuma yetu. Mwalimu alimpungia mkono.

Huyo ndiye Mwalimu wa magari. Mwalimu wa mwili wake alikuwa mtu mwingine kabisa, na hapo alituchosha wote. Alivaa viatu mpaka lami ikamgusa soksi. Alipewa dawa za sukari, akazimeza siku anazokumbuka, na chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kikachoka. Nikamwuliza siku moja, kwa kumchokoza, "Na hiyo sukari, Mwalimu, inaenda wapi?"

"Inaenda kwangu," akasema, akanywa. Tulicheka hadi tukafutana machozi. Nikikumbuka kicheko hicho sasa, kinaniuma.

Na mtu aliyekaa kiti cha abiria maisha yake yote hakuweza kuwa abiria. Kwenye gari lisilo na kanyagio lake alihangaika. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu kila kona, kila mbuzi, kila mtoto mwenye mpira. Zulia la pikapu yangu upande wa kushoto lina tundu, na hilo tundu ni lake. Nimekataa zulia hilo libadilishwe.

Basi nilipanda Dundori kama nilivyomwahidi binti yake. Pikapu nikaiacha nyumbani makusudi. Nilitaka Mwalimu aniteremshe mwenyewe, nimwone kwa macho yangu, halafu ndiyo niseme. Nilisema moyoni kwamba nitakaa kiti cha kushoto, na kanyagio lile litakuwa chini ya miguu yangu. Nilikwea na lori la maziwa lililokuwa linapandisha mitungi mitupu. Dereva alijua ninachoendea. "Mathe, mwambie wewe," akasema. "Mimi aliniambia nina shingo ya kuku wakati wa kurivasi. Mpaka leo siwezi kumjibu."

Nilimkuta nje akichambua viazi vya mbegu kwa kuvishika. Nilisimama mbele yake, nikanyamaza kidogo ili nione. Aliinua uso, akanitazama, akatabasamu lile tabasamu la kumpa mgeni yeyote. Nikasema, "Mwalimu, hujambo?" Hapo ndipo uso ulipofunguka. "Mama Yunifomu! Si uingie! Umekonda ama ni nguo?"

Alinimiminia chai, ikafika ukingoni, ikapita. Akasema vikombe vya siku hizi ni vidogo. Nilifuta meza kwa leso yangu, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakaniishia. Tuliongea habari za viazi, habari za mji, nani amekufa, nani ameoa tena. Kila nikifungua mdomo niseme, nasikia yeye akisema jambo jingine. Nadhani alijua. Alinitangulia tu, vile alivyokuwa akiwatangulia wanafunzi kwenye breki.

"Twende nikuteremshe," akasema mwishowe. "Kuna mama wa hapa jirani ana kliniki mjini, tunambeba."

Mama mwenyewe alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na mtoto mchanga, amemfunika kwa shali ya manjano. Kijana kabisa, mtoto wake wa kwanza. Alinisalimia kwa furaha, akaniambia bila Mwalimu watu wa kilima hiki wangekuwa wanazalia njiani. Nikamtazama yule mtoto, amelala na ngumi zake zimekunjwa. Mteremko wote ule ulikuwa mbele yetu.

Nilikaa kushoto. Mwalimu akakaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akavuta kiti, akashika vioo kimoja kimoja. Akazungusha ufunguo nusu. Na hata baada ya miaka yote hiyo, mwenyewe bila mwanafunzi, akasoma kwa sauti.

"Betri imewaka. Oili imewaka. Breki imewaka."

Akawasha injini.

"Betri imezima. Oili imezima." Akashusha breki ya mkono. "Breki imezima. Twende."

Haikuwa imezima. Ilikuwa nyekundu, pale pale mbele yake, juu kidogo ya mikono yake. Hata mimi wa kiti cha pembeni nilikuwa naiona.

"Mwalimu," nikasema. "Soma tena."

Alinigeukia. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Nilidhani atanishusha, kama yule wa suti. Lakini alirudisha macho kwenye dashibodi, akasoma tena, polepole kidogo. "Betri imezima. Oili imezima. Breki imezima."

"Haijazima, Mwalimu."

"Ni jua hilo linakuangaza."

"Haijazima."

Akainama mpaka paji la uso likakaribia usukani. Akakinga mwanga kwa kiganja. Injini ilikuwa inanguruma, mtoto nyuma akapiga chafya, mama yake akamwombea, "Kua!" Mwalimu akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya kioo cha dashibodi, akitafuta. "Iko hapa?"

"Sogea kushoto. Hapo. Iko chini ya kidole chako."

Kidole chake chote kilikuwa chekundu. Alikitazama kwa muda, na nikajua kwamba hata hapo haoni. Nilitamani sana awe amenishinda, anitukane, aniambie mimi ndiye kipofu.

Alizima gari. "Tangu lini?" akaniuliza.

"Sijui, Mwalimu. Mimi nimefika leo."

Alirudisha mikono kwenye usukani. Kisha akauliza lile swali lake, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. "Yameenda wapi?"

Nilishuka, nikafungua boneti. Kichupa kilikuwa chini ya mstari. Kwenye buti la gari kulikuwa na chupa nzima ya mafuta ya breki, na mama wa nyuma, maskini, akasema kwa nia njema tuongeze basi twende. Mwalimu na mimi tulisema "Hapana!" kwa pamoja, tukamwogofya mtoto. Nilipiga goti, nikapitisha kiganja nyuma ya magurudumu. Kukavu kote.

Fundi wa Dundori, tuliyempigia simu, alifika kwa pikipiki na pedi kwenye mfuko. Alipofungua gurudumu la mbele alitikisa kichwa, akamtazama Mwalimu, kisha akanipa mimi ile pedi ya zamani, hakutaka kumpa yeye. Mwalimu akanyoosha mkono. Nikamwekea kiganjani. Akapitisha kidole gumba juu yake mara kadhaa, huku na huku, na yule fundi akajifanya anatafuta spana.

"Imebaki chuma," Mwalimu akasema.

"Ndiyo."

"Na nilikuwa nimembeba huyu mtoto wiki iliyopita. Na bibi wa kule chini, na wale wa shule." Alifunga kiganja, ile pedi ikiwa ndani. "Mimi nilikuwa nasoma kwa kichwa, Mama Yunifomu. Nilikuwa nasema tu maneno."

Nilimshika mkono uliofungwa, na akaniacha niushike. Alilia bila sauti, na mimi pia, na nikamwambia maneno yake mwenyewe, kwamba gari halina haraka.

Fundi alipomaliza, mafuta yalikuwa yamepanda kwenye kichupa bila kuongezwa tone. Nilimwambia Mwalimu, akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu kidogo. Jua lilikuwa limepanda, na kliniki haingojei mtu. Mama kijana akarudi kiti cha nyuma na mtoto wake. Mimi nikasimama pale upande wa kushoto, mkono kwenye mlango, nikitafuta maneno, kwa sababu bado sikuwa nimesema lile nililotumwa.

Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni. Akazunguka mbele ya gari, akipapasa boneti kwa kiganja, mpaka akanifikia.

"Toka hapo," akasema. "Hicho ni kiti changu."

Akaniwekea ufunguo mkononi. Nikazunguka upande wa usukani. Nilivuta kiti, nikafunga mkanda, nikashika vioo kimoja kimoja. Alikuwa ameketi kushoto, mgongo umenyooka, miguu imekaa mahali pake.

"Soma."

"Betri imewaka. Oili imewaka. Breki imewaka." Nikawasha. "Betri imezima. Oili imezima." Nikashusha breki ya mkono. "Breki imezima."

"Kweli?"

"Kweli, Mwalimu."

"Sawa," akasema. "Twende."

Tulipita jukwaa la mitungi, tukaanza mteremko na gia ndani kama alivyonifundisha, na Nakuru yote ikiwa chini mbele yetu na ziwa lake. Kwenye kona ya kwanza kulikuwa na ng'ombe kando ya barabara, nilikuwa nimeshamwona, haki nilikuwa nimemwona. Nikasikia kanyagio likishuka lenyewe chini ya mguu wangu, polepole kabisa.